Bawabu wa Mdomoni

Katika karakana ile ya kuyeyushia chuma kila kitendo kilikuwa na neno lake la lugha ya kazi. Pandisha. Shusha. Sogeza. Geuza. Mimina. Kitendo kimoja tu ndicho kilichokosa neno, nacho ni kusimama. Waliojenga kiwanda walikuja na mashine zao na lugha yao, wakawafundisha babu za watu hawa maneno yote ya kufanya kazi, kwa matusi na kwa mateke, lakini la kuacha kazi hawakulifundisha. Wangelifundisha la nini? Hawakuwa na haja nalo. Basi watu wakajitafutia. Wakalitoa nyumbani neno fupi la mdomo wazi, lile ambalo mama humrushia mtoto anayetambaa kuelekea mekoni, wakalileta karakanani. Kuanzia hapo winchi ikawa inapanda kwa lugha ya wenye mali na kusimama kwa lugha ya wenye jasho.

Zamu hii, aliyelirithi neno lile alikuwa mwanamke waliyemwita Kengele. Kazi yake ilikuwa kuongoza winchi. Alisimama juu ya kijukwaa cha chuma kando ya shimo la kumiminia, redio ya mkononi ikiwa karibu na mdomo, akimwona kila mtu aliyekuwa chini. Juu kabisa, ndani ya kibanda kilichotembea kwenye reli chini ya paa, alikaa mzee waliyemwita Mwewe. Jina hilo lilikuwa la utani, maana kwa moshi na mvuke Mwewe hakuona chini hata kisogo cha mtu. Macho yake yalikuwa sauti ya Kengele. Na kati yao wawili, ikining'inia kwenye minyororo, ilipita ndoo kubwa iliyojaa chuma kilichoyeyuka, chekundu, kizito kama uji. Ndoo hiyo waliiita Mama Mkwe, kwa sababu hupiti chini yake, huitanii, na ikikukasirikia hupati wa kukuombea msamaha.

Chini, penye kalibu za mchanga zilizopokea chuma, alifanya kazi kaka yake Kengele. Ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki, ndiye aliyemtia kiwandani, na ndiye pekee aliyethubutu kumchokoza akiwa kazini.

"We Kengele! Punguza sauti, wafu wanataka kulala!"

"Nikipunguza utawafuata, kaka."

Watu walicheka, na kazi iliendelea. Lakini Kengele hakuwa akitania. Kila asubuhi alipopanda kijukwaa chake alilijua jambo hilo kama anavyoijua njia ya kwao: neno la kusimama likichelewa, anayeungua ni kaka.

Mwaka uliotangulia kulikuwa na mgomo. Haukuandikwa popote, haukutangazwa kwa bango wala kwa kipaza sauti. Ulipita kwenye redio hizo hizo za kazi, kwa lugha ya nyumbani, katikati ya pandisha na shusha, na wakubwa waliokuwa wakisikiliza ofisini walidhani watu wanasalimiana. Walipokuja kushtuka tanuru zilikuwa zimepoa. Wakubwa hawasahau. Watu wadogo husamehe kwa sababu wana mengi ya kufanya. Mkubwa ana nafasi ya kukaa na kinyongo chake akikifuga kama kuku wa mayai.

Kuku huyo alitaga alipoletwa Meneja mpya. Alikuwa mtu wa shati jeupe, mwenye kuitamka lugha ya kazi kwa unadhifu hadi wenye lugha yao wenyewe wangemwonea haya. Aliwakusanya mbele ya bango jipya.

"Kuanzia leo, humu ndani lugha ni moja," alisema. "Lugha mbili ni vichwa viwili, na ajali huzaliwa katikati. Ofisi inasikiliza redio. Atakayesikika na neno la nyumbani atasimamishwa kazi yeye na kikundi chake kizima."

Mwewe aliinua mkono. "Na lile la kusimamisha ndoo, bwana?"

"Lipo la lugha ya kazi. Limeandikwa hapo kwenye bango. Mtalikariri."

"Mimi nitalikariri. Mkono wangu je?"

Watu walicheka. Meneja alingoja kicheko kiishe, akasema taratibu, "Mzee wangu, lugha yenu siijui. Ila dharau naijua kwa lugha zote."

Alipoondoka, Mwewe alitema mate pembeni. "Haijui! Mama yake alikuwa akituuzia kuni mlangoni, na huyo akiwa mgongoni. Akilia, analia kwa lugha gani? Mkataa kwao mtumwa."

"Mzee, ulimi wako huo," kaka alimkanya. "Heri kujikwaa dole. Sasa hivi tumepewa masikio ya kutusikiliza, na hayalali."

Baada ya hapo akaletwa Mpimaji. Alikuwa mwanamke mwembamba, wa sauti ya chini, na hakuwa na ubaya wowote, jambo hili lisemwe wazi, maana ubaya wa kiwanda mara nyingi hubebwa na watu wazuri. Alikaa kantini na kompyuta yake, akawaita waongoza winchi na waendeshaji mmoja mmoja. Kwenye kioo ilitokea mistari ya mishale. Ulitakiwa kubonyeza upande unaoelekezwa na mshale wa katikati, na kuipuuza iliyouzunguka ambayo ilitazama kwingine kukuhadaa. Na mara nyingine, kidole kikiwa tayari njiani, kioo kiligeuka chekundu, maana yake usibonyeze. Wengi walibonyeza kisha wakaguna. Mwewe aliilaani mishale na mama yake mishale.

Kengele hakukosea. Kidole chake kilikuwa kikifika juu ya kitufe kinasita hewani, kama ndege aliyeona mtego.

"Ulijifunza wapi kujizuia hivi?" Mpimaji aliuliza.

"Jikoni kwa watu," Kengele alijibu.

Akamweleza. Mama yao alikuwa mtumishi katika nyumba ya mkubwa mmoja, nao watoto waliishi kijumba cha nyuma. Ndani ya nyumba kubwa lugha ya kwao ilikuwa marufuku. Bibi mwenye nyumba alisema inamchefua. Kwa hiyo mama aliwafundisha wanawe kwamba kila mdomo una bawabu. Ukivuka kizingiti, bawabu anaifungia lugha moja ndani na kuitoa nyingine. Ukirudi nyuma ya nyumba, anabadilisha. Bawabu wa mtoto mmoja akisinzia, wote watatu walilala nje.

"Kaka yangu alisinzia mara nyingi," Kengele alisema. "Mimi sikusinzia hata siku moja."

Mpimaji alivua miwani yake. "Wataalamu wanabishana kuhusu jambo hili," alisema. "Wapo wanaosema mwenye lugha mbili anashinda kutwa akiizuia moja ili nyingine ipite, na zoezi hilo linamkomaza hata kwa mambo mengine. Wapo waliopima wasione tofauti. Mimi nadhani inategemea mtu ameishi nazo vipi. Kuna wanaozichanganya kama mboga, kuna wanaozitenga."

"Na aliyezitenga kwa woga?"

"Huyo," Mpimaji alisema, akifunga kompyuta yake, "sijui kama alichonacho ni uwezo au ni kidonda."

Meneja hakuwa na shaka kama hizo. Alifurahi mno. Siku hiyo hiyo alimpandisha Kengele kuwa msimamizi wa zamu: aendelee kuongoza winchi, na zaidi ya hapo awe mlinzi wa lugha, amkanye kila atakayeteleza. Usishangae. Mwenye nguvu hatafuti mtu mwenye akili wala mtu shujaa. Anatafuta mtu anayeweza kulishika neno likiwa limeshafika kooni, akalirudisha. Huyo ndiye wa kupewa cheo.

"Nikikataa?" Kengele alimuuliza.

"Nitamweka mwingine pale kijukwaani. Wapo wanaosubiri."

Kengele alimfikiria huyo mwingine, mgeni asiyejua kwamba kaka yake hupenda kukata njia kati ya kalibu akiwa na haraka. Akakubali.

Kuanzia hapo hawakumwita Kengele tena. Walimwita Bawabu, kwa sababu ile hadithi ya jikoni alikuwa amemsimulia Mpimaji kantini, na kantini haina siri.

"Bawabu, tufungulie, tunataka kupiga chafya! Chafya ni ya lugha gani?"

"Pigeni ya kazi," alijibu, na kwa siku za kwanza walicheka naye.

Yeye na Mwewe walilifanyia mazoezi neno jipya. Alilisema redioni ndoo ikiwa tupu, na Mwewe akavuta breki. Lilifanya kazi, lakini lilifanya kazi kama mgeni. Lilipiga hodi, likangoja kukaribishwa, likaketi, ndipo likaeleza shida yake. La nyumbani halikuwa na adabu hizo: lilikuwa halijamaliza kusemwa, mkono wa Mwewe umeshavuta.

"Hili la bango linapitia kichwani," Mwewe alilalamika. "Kichwa changu kina foleni, dada."

Kaka naye aliona kitu. Walikuwa wamekaa nje wakinywa chai wakati wa mapumziko, mgongo ukutani. "Mdogo wangu," alisema, "siku hizi unameza kabla ya kusema."

"Nameza nini?"

"Sijui. Lakini koo lako linapanda na kushuka, halafu ndiyo inatoka sauti. Zamani haikuwa hivyo. Zamani ulikuwa unaropoka tu, na tulikuwa salama."

"Unanitafutia ugonjwa."

"Sikutafutii. Mimi ndiye ninayesimama pale chini."

Jumapili alikwenda kwa kaka kula. Wifi yake alikuwa uani akianika nguo, kaka amelala kitini, na mtoto wao wa mwisho, aliyekuwa ameanza tu kutambaa, alikuwa sakafuni karibu na miguu ya shangazi yake. Sufuria ilikuwa jikoni ikichemka juu ya jiko la mkaa. Mtoto aliuona moto, akaupenda, akaanza safari. Kengele alimwona. Alimwona tangu alipoinua goti la kwanza. Neno likapanda, lile lile, lililotengenezwa kwa ajili ya saa hiyo hiyo tangu dunia iwe dunia. Likafika kooni. Na pale kooni likasimamishwa, likaulizwa linatoka wapi na linakwenda wapi.

Aliyelisema alikuwa wifi, kutoka uani, kwa sauti iliyomwamsha hata kaka. Mtoto aliketi chini na kulia, mkono wake ukiwa shubiri moja tu kutoka kwenye makaa.

Wifi aliingia, akamnyakua mwanawe. "Wifi," alisema, na hakuwa na hasira bado, alikuwa na mshangao tu, "ulikuwa unamtazama?"

"Nilikuwa..." Kengele alisema.

Kaka alimtazama dada yake kwa muda mrefu. Usiku wake Kengele alikaa kitandani akilitamka neno lile kwa sauti, peke yake, mlango umefungwa. Lilitoka bila tabu. Ndiyo maana alijiambia hakuna kilichoharibika. Watu wengi wamezikwa na sentensi hiyo.

Siku yenyewe ilianza vizuri. Chuma kilikuwa safi, Mama Mkwe alikuwa amejaa hadi ukingoni, na Mwewe juu alikuwa akipiga mluzi redioni, kwa vile mluzi haukuwa umepigwa marufuku. "Sogeza," Kengele alisema. "Sogeza. Shusha kidogo. Sogeza."

Kalibu moja ya mbele ilipasuka ubavuni, mchanga ukaporomoka. Kaka aliona. Alijua kuwa chuma kikimwagwa mle kitatokea pembeni na kuwaunguza wenzake wawili waliokuwa wamegeuza migongo, kwa hiyo alikata njia kama kawaida yake, akapita kati ya kalibu, akawasukuma. Wale wawili wakaangukia upande wa salama. Yeye akabaki njiani, na Mama Mkwe alikuwa anakuja.

Kengele aliona yote. Neno la nyumbani lilipanda kwa kasi ambayo hajawahi kuiona, na bawabu, yule mtiifu, yule aliyepata alama zote, yule asiyesinzia, akalishika. Akalirudisha. Akageuka kulitafuta la bango. Akalipata. Akalikabidhi. Kengele akalisema, na alilisema sawasawa, kwa matamshi ambayo Meneja mwenyewe asingeyatia dosari. Juu, neno likapiga hodi katika kichwa cha Mwewe. Likakaribishwa. Mwewe akavuta breki.

Ndoo iliyosimamishwa ghafla ikiwa imechelewa haisimami, inabembea. Ilibembea, ikagonga fremu ya kalibu, ikamwaga kiasi kama cha beseni. Kiasi hicho kilimshukia kaka kuanzia kiunoni kwenda chini.

Hospitali alikaa siku chache, miguu yote miwili imekatwa. Mwanzoni aliongea na wauguzi kwa lugha ya kazi, akawashukuru, akawatania. Homa ilipopanda bawabu wake, ambaye tangu utoto alikuwa mvivu, aliondoka kabisa. Ikabaki lugha moja tu, na katika lugha hiyo likabaki neno moja. Alilipaza mchana kutwa. Wagonjwa wa vitanda vya jirani waliziba masikio.

"Anataka nini?" muuguzi alimuuliza Kengele. "Maji?"

"Anasema simama."

"Nani asimame?"

Kaka alikufa akiwa bado analisema, na wifi aliyekuwa ameshika mkono wake alimtazama Kengele kwa macho yale yale ya Jumapili, ila safari hii mshangao ulikuwa umekwisha ndani yake.

Kiwanda kilifanya uchunguzi wake. Mpimaji aliitwa tena, na alikuja shingo upande. Kengele aliketishwa mbele ya mishale ile ile, akiwa na nguo za msiba, mbele ya Meneja na wakubwa wengine wawili. Alifanya vizuri kuliko mara ya kwanza. Mshale ulipotokea alibonyeza. Kioo kilipokuwa chekundu, kidole kilisita hewani. Wakubwa walitikisa vichwa kwa kuridhika. Msimamizi ni mzima, neno lilisemwa kama lilivyoandikwa, breki ilivutwa. Kwa hiyo kosa ni la marehemu, aliyekuwa mahali asipotakiwa kuwa. Mmoja wao alitoa methali, eti asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Alisema hivyo kuhusu mtu aliyezikwa bila miguu! Na ukweli ni kwamba karakana nzima ilikuwa imelisikia la mkuu. Kulisikia ndiko kulikomuua.

Mpimaji alimfuata Kengele nje.

"Niliwaandikia," alisema. "Niliwaambia wasilifute neno ambalo mkono umeshalizoea. Walisoma ile sehemu inayosema una uwezo mkubwa, wakaishia hapo." Akapangusa miwani yake ambayo haikuwa chafu. "Mashine yangu inapima jinsi unavyojizuia, dada. Haikuulizi unajizuia kwa ajili ya nani."

"Na wewe hukuuliza," Kengele alisema.

Mpimaji aliinamisha kichwa, akaondoka na kompyuta yake.

Kengele alirudi kijukwaani. Watu walidhani angeacha kazi, na wengine waliombea aache. Hakuna aliyemtania tena. Jina la Bawabu lilikufa kimya kimya na la Kengele halikufufuka. Mwewe alishuka siku moja baada ya kazi, akasimama mbele yake, mkono wake wa kulia ameushika kwa wa kushoto kana kwamba ni mnyama wa mtu mwingine.

"Mkono huu haukwenda shule, dada," alisema. "Nisamehe."

"Sio mkono wako, mzee."

"Basi ni nini?"

"Ni nyumba mbili," alisema. "Wamejenga nyumba mbili mdomoni mwangu, na kaka alifia uani."

Mzee hakuelewa vizuri, lakini alielewa sauti, na aliiogopa.

Kisha wakaja wageni. Wanunuzi, au wakaguzi, haikujulikana. Kofia zao za kazi zilikuwa mpya na viatu vyao vilikuwa vinang'aa. Meneja aliwatembeza mwenyewe. Kwa sababu ya kelele alichukua redio ya mkononi ili sauti yake iwafikie kwenye visikilizi vyao, na kwa kuwa redio za kiwanda kile zilikuwa na njia moja, kila alilosema lilisikika karakana nzima, mpaka kibandani kwa Mwewe. Aliwaonyesha bango. Aliwaeleza jinsi lugha moja ilivyoleta nidhamu. Alimwonyesha Kengele kwa kidole kutoka mbali. "Yule ndiye kielelezo chetu," alisema.

Mama Mkwe alikuwa njiani, amejaa. "Sogeza," Kengele alisema. "Sogeza."

Meneja alitaka kuwaonyesha wageni kalibu kwa karibu. Wao walibaki nyuma ya mstari wa manjano. Yeye aliuvuka kinyumenyume, uso kwao, mgongo kwa shimo, akiongea. Akasimama pale pale. Mahali alipoangukia kaka palikuwa pamemwagiwa mchanga mpya, na viatu vya Meneja vilizama kidogo.

Neno la nyumbani likapanda.

Hapa ndipo Kengele alipojifahamu, na alichokiona hakukipenda. Safari hii hapakuwa na mshtuko. Bawabu hakuwa akihangaika. Alikuwa amesimama mlangoni ametulia, ufunguo mkononi, akimngoja bibi yake amwamuru. Neno lilikuwa palepale, fupi, la mdomo wazi, ambalo lingevuta mkono wa Mwewe kabla halijaisha. Angeweza kulitoa. Hakuna kilichomzuia ila kanuni iliyoandikwa bangoni na yule yule aliyesimama chini ya ndoo.

Akaifuata kanuni. Alimeza. Akageuka kulitafuta lile jingine, taratibu, kama mtu anayetafuta shilingi gizani na hana haraka ya kwenda popote. Alisikia raha. Raha hiyo ndiyo iliyokuja kumnyima usingizi baadaye, siyo kingine. Kisha akalisema neno la bango, safi, kwa matamshi kamili.

Likapiga hodi kwa Mwewe.

Meneja aliona nyuso za wageni zikibadilika. Akahisi joto kisogoni. Akainua macho, na juu yake hakukuwa na paa, kulikuwa na Mama Mkwe. Redio ilikuwa bado mdomoni mwake, na kidole bado kimebonyeza.

Alipiga ukelele. Wala hakulisema neno lililoandikwa bangoni. Alisema neno lile la mdomo wazi, kwa sauti nyembamba ya mtoto, na kwa lafudhi halisi ya wauza kuni.

Ndoo ikasimama. Haikubembea hata kidogo, kwa sababu mkono wa Mwewe ulikuwa umevuta kabla Mwewe mwenyewe hajajua kuwa amesikia. Ilisimama karibu kiasi kwamba rangi ya kofia ya Meneja ilianza kuvimba na kutoka mapovu. Alitambaa kwa mikono na magoti hadi kwenye mstari wa manjano, na mgeni mmoja akamvuta kwa ukosi wa shati.

Wamiminaji, wapakia mchanga, watu wa tanuru, wote walimtazama. Walikuwa wamelisikia, kila mmoja sikioni mwake, kwa sauti ya bosi wao.

Meneja alisimama, akajipangusa mchanga magotini. Alikumbuka kuwa ni Meneja. Akainua redio.

"Mbona ulichelewa?" Sauti yake ilikuwa imerudi kwenye lugha ya kazi. "We msimamizi! Uliniona! Mbona ulichelewa?"

Kengele alibonyeza redio yake.

"Nilikuwa natafsiri, bwana," alisema. Kisha akaongeza, kwa lugha ya nyumbani, polepole, ili asikose hata herufi: "Na wewe mbona hukutafsiri?"

Meneja alielewa kila neno, na kila mtu aliona kuwa ameelewa. Aliangalia bango, akaangalia wageni, akaangalia juu.

"Endeleeni na kazi," alisema. "Shusha! Mzee, shusha!"

Ndoo haikushuka.

"Sogeza basi! Mnangoja nini?"

Kengele aliiweka redio yake juu ya ukingo wa kijukwaa, akakunja mikono. Kibandani, Mwewe alikuwa ameondoa mkono wake kwenye usukani na kuuweka pajani. Chini, mmoja wa wale wawili waliosukumwa na kaka alivua glavu zake, akaziweka juu ya kalibu. Mwenzake akafanya vivyo hivyo. Sauti ya Meneja iliendelea redioni, ikipita kwenye maneno yote ya kazi, moja baada ya jingine, yale yale waliyofundishwa babu zao kwa mateke, na hakuna hata moja lililopata mkono wa kulipokea.

Juu ya vichwa vyao, ndani ya Mama Mkwe, wekundu ulianza kufifia pembeni. Ngozi nyembamba nyeusi ilitanda juu ya chuma, ikakunjamana, ikakaza.